UZI: Stadi za porini kwa anayeanza: kupekecha moto, kisu, kamba na malazi, kwa vipimo na makosa yake

Ulindi (#1)

Wakuu, nafungua uzi huu kwa ajili ya wanaotaka kujifunza stadi za porini kwa mikono yao, si kwa kutazama tu. Anayeanza hukwama kwa sababu moja kubwa: anatoka siku moja na kutaka kuwasha moto, kujenga kibanda, kuchonga kijiko na kuchemsha maji kabla ya jua kuzama. Kikiharibika kitu, hajui ni kipi kilichoharibu. Chukua stadi moja. Ifanye uani kwako, mchana, kukiwa kukavu, mpaka itoke mara tano mfululizo. Ndipo uiongezee ugumu mmoja: upepo, au kuni zenye unyevu, au giza. Mmoja, si yote matatu.

Naanza na kupekecha moto kwa upinde. Porini beba kiberiti, hilo halina mjadala. Lakini hakuna zoezi linalokufundisha kuujua mti kama hili, na ukishaujua mti, kisu na kibanda vinakuwa rahisi.

Vitu ni vinne na kamba yake.

*Ubao wa chini*: unene sm 1.5 hadi 2, upana kama sm 5, urefu sm 30 ili upate pa kukanyaga.

*Ulindi*, yaani kijiti kinachozungushwa juu ya ubao: unene wa kidole gumba, yaani kama sm 2, urefu sm 20 hadi 25. Unyooke kabisa. Usiulainishe ukawa mviringo mtupu. Uache na pembe pembe, kama pembe nane, kamba ipate pa kung'ata. Ncha ya juu ichongoke kama penseli, ya chini iwe butu na pana. Juu hutaki msuguano, chini ndiko unakoutaka.

*Kishikio cha juu*: kipande cha mti mgumu, mfupa, au jiwe lenye kishimo, kinachojaa kiganjani. Kishimo kiwe na kina cha sm 1 hivi na kipakwe mafuta au sabuni.

*Upinde*: urefu wa kutoka kwapani hadi ncha za vidole, tawi lililopinda kidogo tu na lisilonesa. Upinde unaonesa hulegeza kamba kila unapobadili mwelekeo. Kamba iwe ya mm 4 hadi 6, isiyovutika.

Mti wa ubao na ulindi uwe umekufa ukiwa umesimama, mkavu, mwepesi, usiooza na usio na ulimbo. Ukandamize kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama bila kuchimba, mti unafaa. Usipoacha alama, ni mgumu mno. Ukizama na nyuzi zikabomoka, umeoza. Shina la ua la mkonge lililokauka limesimama ni zuri sana kwa ubao. Mierezi mikavu nayo hufaa.

Sasa kazi. Toboa kishimo kidogo kwenye ubao, kitovu chake kiwe mbali na ukingo kwa nusu ya unene wa ulindi na milimita chache juu yake. Zungusha kamba mara moja kwenye ulindi, ulindi ubaki upande wa nje wa kamba usigongane na upinde. Kanyaga ubao kwa mguu wa kushoto, goti la kulia chini, mkono wa kushoto uukumbatie mguu kwa nje, na kifundo cha mkono kibanwe kwenye muundi. Hapo kwenye muundi ndipo penye siri. Mkono ukiyumba, ulindi unaruka.

Pekecha taratibu mpaka kishimo kiwe duara kamili la upana wa ulindi. Simama. Kata pengo la umbo la V kutoka ukingoni kuingia kwenye duara, upana wake moja ya nane ya duara, ncha yake iishie karibu kabisa na kitovu bila kukipita. Weka gome kavu chini ya pengo. Kisha anza upya: mivuto mirefu ya upinde mzima, uzito mdogo, mpaka moshi utoke. Ukishatoka, ongeza kasi na uzito kwa pamoja, mivuto kama 30 zaidi. Acha. Moshi ukiendelea kutoka kwenye rundo la unga wenyewe, na si kwenye ubao, umepata kaa.

Usilikimbilie. Lipepee kwa mkono nusu dakika, likusanyike.

---

Mwanagenzi07 (#2)

Shukrani mkuu. Nina moshi mwingi, unga unatoka, kaa halishiki. Unga wangu ni wa kahawia isiyokolea na mwingine unatoka kama vinyuzi vilivyojikunja. Nikikaza zaidi kamba inateleza. Tatizo ni mti au mimi?

---

Ulindi (#3)

Unga ndio utakaokujibu, kwa hiyo jizoeze kuusoma. Chukua kidogo, sugua kati ya kidole gumba na cha shahada.

Ukiwa mweusi au kahawia iliyoiva sana, laini kama masizi, na unashikamana ukiubana, uko sawa. Endelea hivyo hivyo.

Ukiwa wa kahawia isiyokolea na mkavu kama vumbi, joto halitoshi. Ongeza uzito kidogo na kasi.

Ukiwa na vinyuzi vilivyojikunja, unakwangua mti badala ya kuuchoma. Uzito umezidi na kasi imepungua, au mti una unyevu, au umeanza kuoza. Nadhani hapo ndipo ulipo wewe. Punguza uzito, rudisha mivuto mirefu, subiri joto lijae ndipo ukaze. Unyevu utaujua kwa kugusa ubao na ulindi mdomoni: mti wenye maji huwa baridi.

Ukiwa mweusi lakini wa chembechembe kama changarawe ndogo, mti ni mgumu kuliko inavyofaa au unakaza kupita kiasi mwishoni.

Na usipotoka unga, ikabaki sauti ya kulia kama mlango usio na mafuta, ncha ya ulindi imeng'aa. Itazame, utaona inameta kama iliyopigwa vanishi. Ikwangue kwa kisu, kwangua na kishimo, tia chembe za mchanga mkavu kishimoni, kisha anza kwa uzito zaidi. Kupekecha tu ukitumaini mng'ao utaondoka hakusaidii, unazidi kuusugua.

Kamba kuteleza kuna sababu tatu: imelegea, ulindi umelainika, au kishikio cha juu kimeanza kuwaka. Nusa kishikio. Kikitoa moshi, nguvu yako yote inaishia juu. Chimba kishimo chake zaidi, paka mafuta, chonga upya ncha ya juu. Wakati wa kupekecha unaweza kuikaza kamba kwa vidole vya mkono ulioshika upinde, huhitaji kuifungua.

Angalia na pengo. Likiwa jembamba, unga unasagika ukarudi kwenye kishimo na haukusanyiki. Likiwa pana, unga unatawanyika na kupoa. Lisipofika karibu na kitovu, unga wa katikati hauna njia ya kutoka.

---

Kinoo (#4)

Nyongeza kuhusu mti. Wengi husema ulindi lazima uwe mgumu kuliko ubao. Mimi naona sheria hiyo inawapoteza wanaoanza. Ulindi mgumu sana juu ya ubao laini hutoboa ubao upesi, unafika chini kabla unga haujajaa pengo. Anza na vyote viwili kutoka tawi moja lile lile. Likiwa na ulaini unaofaa, una jambo moja tu la kuchunguza badala ya mawili.

---

Ulindi (#5)

Nakubali kwa upinde. Kwa kupekecha kwa viganja vitupu mambo yanabadilika kidogo. Kule ulindi ni mwembamba, mm 8 hadi 12, urefu sm 40 hadi 60, na mara nyingi ni bua lenye moyo laini katikati. Lenyewe lazima lihimili kusokotwa bila kuvunjika, kwa hiyo huwa gumu kidogo kuliko ubao. Moyo ule laini una faida: ulindi unasugua kwa duara la nje tu, ambako kasi ni kubwa.

Viganja huanza juu na kushuka vikikandamiza. Vikifika chini, kimoja kinashika ulindi usiinuke huku kingine kikipanda, kisha cha pili kinafuata. Pengo la sekunde mbili hapo linatosha kupoteza joto lote. Na malengelenge yakianza, acha kwa siku hiyo. Ngozi ikichubuka utapoteza wiki nzima ya mazoezi.

---

Mwanagenzi07 (#6)

Unga sasa umekuwa mweusi na kaa linashika. Nalitia kwenye nyasi, linazimika. Napuliza sana, halafu linasambaratika.

---

Kiota (#7)

Hapo unaua kaa kwa haraka na kwa nyasi nene. Kaa jipya ni unga uliogusana tu, bado halina mwili.

Tengeneza kiota kabla hujagusa upinde, si baada ya kupata kaa. Kitoshe viganja viwili. Nje nyasi kavu au majani membamba yaliyokufa. Ndani nyuzi laini za gome la ndani lililokauka, zilizosuguliwa kati ya viganja mpaka ziwe kama nywele. Katikati kabisa weka kilicho laini kuliko vyote: sufi ya mbegu, au unga wa gome uliobaki ulipokuwa ukisugua. Kitu kikikwaruza mkono, hakifai kuwa katikati.

Lilaze kaa taratibu, kikunje kiota kiliguse kaa pande zote bila kulibana, shika juu ya usawa wa uso wako na geuka upepo uje kutoka mgongoni. Moshi usikupige machoni. Puliza pumzi ndefu na nyembamba, kama unayepoza chai, kutoka umbali wa shibiri moja. Moshi ukiwa mweupe na mzito, kaza kiota kidogo na uongeze pumzi. Kikitaka kulipuka utasikia joto vidoleni kabla hujauona mwali.

Kosa lingine: kiota kinawaka na kuni bado hazijakusanywa. Kiota huungua chini ya dakika moja. Uwe na vijiti vya unene wa njiti ya kiberiti vinavyojaa viganja viwili, vya unene wa penseli kiasi hicho hicho, vya unene wa kidole gumba mara mbili yake. Kijiti kikivunjwa kilie *ta!* Kikipinda kabla ya kuvunjika, si cha kuwashia.

---

Kinoo (#8)

Naingia kwenye kisu, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Kisu cha kazi hizi: makali ya sm 9 hadi 11, unene mm 3 hivi, yasiyopinda na yasiyo na meno, chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho. Kisu kirefu hakikupi nguvu zaidi kwenye kuchonga, kinakunyima udhibiti. Mgongo wake uwe na pembe kali ya mraba, utauhitaji kukwangua gome na kuchochea cheche. Chuma cha kaboni hunoleka haraka ila hushika kutu, kifute na kukipaka mafuta. Chuma kisichoshika kutu kinavumilia maji lakini huchelewa kidogo kunoleka.

Kabla ya kukata, nyoosha mkono na uzunguke mahali ulipo. Asiwepo mtu ndani ya mzingo huo. Kaa chini, viwiko juu ya magoti, ukate kwa mbele, nje ya magoti. Usikate katikati ya mapaja kamwe. Ndani ya paja kuna mshipa mkubwa, ukikatika mtu anaweza kupoteza maisha kwa dakika chache. Kisu kikianguka, kiache kianguke.

Mikato mitatu inatosha kwa miezi yako ya mwanzo. Wa kwanza, mkono umenyooka, kiwiko kimefungwa, na mwili ndio unaosukuma. Huo ni wa kutoa mti mwingi. Wa pili, mgongo wa mikono yote miwili ukiwa kifuani, kisu kinaelekea nje, unafungua kifua kama unayevuta pazia pande mbili. Una nguvu sana na kisu hakiwezi kwenda mbali. Wa tatu, kidole gumba cha mkono ulioshika mti kinasukuma mgongo wa kisu, milimita chache kila mara. Huo ni wa kona na vijitobo.

Zoezi moja linaloonyesha kiwango chako ni kijiti cha manyoya. Chukua kijiti kilichopasuliwa, kisicho na fundo, unene wa kidole gumba, urefu sm 30. Kisimamishe juu ya gogo. Funga kiwiko, telezesha kisu kuanzia juu, toa vipande vyembamba vinavyojikunja bila kukatika, vibaki vimeshikamana chini. Ukishakata kipande, panabaki mistari miwili ya mwinuko. Kata juu ya mwinuko huo, kisha geuza kijiti kidogo. Vipande vikikatika, pembe ya kisu inabadilika mwishoni, au kisu ni butu. Vikiwa vinene visivyojikunja, umeinua mgongo wa kisu kupita kiasi. Ukifika ambapo mwanga unapita ndani ya unyoya, cheche za kijiti cha feroseri (chuma kinachotoa cheche kikikwanguliwa) zitaushika.

---

Mti_Mkavu (#9)

Kinoo, elezea kunoa, maana kisu butu ndicho kinachokata watu. Halafu vipi kupasua kuni kwa kugonga mgongo wa kisu kwa gongo?

---

Kinoo (#10)

Kunoa: kwa kisu chenye mteremko mmoja mpana mpaka kwenye makali, laza mteremko mzima juu ya kinoo, pembe inajipanga yenyewe. Kinoo cha chembe 400 kama kimevunjika makali, 1000 kama kimefifia tu. Tia maji, sukuma kana kwamba unakata kipande chembamba juu ya jiwe, kutoka shinani hadi ncha. Endelea upande mmoja mpaka uhisi ukingo mdogo wa chuma umejikunja upande wa pili, urefu wote. Uhisi kwa ukucha, kutoka mgongoni kuelekea makali. Usipouhisi hujafika, na kugeuza mapema ndiko kunakofanya watu wanoe saa nzima bila faida. Ukishaupata, geuza. Malizia kwa mkanda wa ngozi, ukivuta nyuma tu, mara 20 kila upande. Ukiusukuma mbele, utakata ngozi.

Kupasua kwa gongo nakubali kwa masharti: kuni isizidi unene wa kifundo cha mkono, isiwe na fundo, na ncha ya kisu itokeze angalau sm 3 upande wa pili ili upate pa kugonga. Gongo liwe la mti, kamwe si jiwe wala chuma. Kisu kikikwama, usikipindishe kushoto na kulia.

---

Pota_Kamba (#11)

Mimi ningependa watu waache kabisa kugonga visu. Chonga kabari mbili za mti mgumu, urefu wa kiganja, mteremko mrefu na si wa ghafla. Kisu kifungue ufa wa sm 2 tu, kisha kabari ziendelee. Kabari ikivunjika unachonga nyingine, lakini kisu kikivunjika huna kitu tena. Ncha ya kabari ikate kona kidogo isichanike ikigongwa.

Na nigusie kamba, kwa kuwa uzi umejaa moto.

Nyuzi unaweza kuzipata kwenye majani ya mkonge, shina la mgomba, au gome la ndani la miti mingi. Jani la mkonge lilaze juu ya ubao, likwangue nyama kwa mgongo wa kisu mpaka nyuzi nyeupe zibaki, suuza, kausha. Utomvu wake unawasha ngozi, vaa mikono mirefu na usiguse macho. Usipote nyuzi zikiwa mbichi. Zikikauka husinyaa, na kamba uliyoikaza inalegea yenyewe. Zikaushe kwanza, kisha zilainishe kwa maji kidogo wakati wa kupota.

Shika fungu la nyuzi, sokota katikati mpaka lijikunje na kutoa kitanzi. Likunje si katikati kabisa bali theluthi moja kwa theluthi mbili, ili ncha zisiishe mahali pamoja. Bana kitanzi kwa mkono wa kushoto. Uzi wa juu usokote kuelekea mbali nawe, kisha uvushe juu ya wa pili kuja kwako. Sasa wa pili ndio uko juu, usokote, uvushe. Ni hayo tu mpaka mwisho. Kila uzi unataka kujifungua upande mmoja, na kamba nzima inataka kujifungua upande wa pili. Vinazuiana, ndiyo maana haifumuki.

Uzi ukianza kuwa mwembamba, ongeza nyuzi mpya sm 8 hivi kabla ya ule wa zamani kwisha, na usiongeze kwenye nyuzi zote mbili mahali pamoja. Hapo ndipo kamba za wanaoanza zinapokatikia. Kosa jingine ni uzi mmoja kunyooka huku mwingine ukiuzunguka kama mzabibu. Maana yake unasokota mmoja zaidi ya mwingine, au mmoja ni mnene. Fungua urudie kutoka hapo palipoharibika, haitajirekebisha mbele.

---

Kiota (#12)

Malazi. Mahali kwanza. Tazama juu: matawi makavu yaliyoning'inia au mti mzima uliokufa, ondoka. Tazama chini: njia ya maji, siafu, mashimo. Tazama pembeni: upepo unatoka wapi. Bondeni kabisa hewa baridi hutuama usiku, na kileleni kuna upepo. Panda kidogo kutoka bondeni ulale ubavuni.

Kitanda kabla ya paa. Ardhi inanyonya joto la mwili usiku kucha, na paa zuri juu ya ardhi tupu halikusaidii. Weka majani makavu au nyasi, ulalie, uongeze, mpaka baada ya kubanwa na uzito wako pabaki unene wa sm 20. Utashangaa ni rundo kubwa kiasi gani. Kadiria mara tatu ya ulichodhani.

Ukitumia turubai, funga kamba kati ya miti miwili, ning'iniza turubai, na usiache mvua itambae juu ya kamba hadi ndani. Funga kijiuzi kifupi kwenye kamba hiyo, kati ya mti na turubai, kining'inie. Maji yanafuata kijiuzi na kudondoka. Vigingi viingie vikiwa vimeinamia mbali na turubai.

Kibanda cha majani: boriti moja imara kutoka kwenye panda la mti, juu kidogo ya kiuno, ikishuka mpaka chini. Iegemee kwa uzito wako wote kabla hujaendelea. Fito pembeni, kisha vijiti vya kukinga majani yasiporomoke, kisha majani kuanzia chini kwenda juu kama vigae. Unene usipungue sm 60, yaani mkono wako uzame mpaka karibu na bega. Mteremko uwe digrii 45 au zaidi. Ndani pawe padogo, penye nafasi ya mwili wako tu, kwa sababu joto la humo unalitoa wewe. Kibanda kikubwa ndicho kosa ninaloliona zaidi kwenye picha za watu.

Usiwashe moto ndani yake, wala usiingize makaa. Yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

---

Mwanagenzi07 (#13)

Maji ya mto yanachemshwa kwa muda gani? Na moto huu wa kupekecha, mvua ikinyesha siku tatu, unawezekana?

---

Mti_Mkavu (#14)

Maji: chuja kwa kitambaa kwanza, chemsha mpaka yatokote kwa nguvu, hesabu dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3, kwa kuwa huko yanachemka kwa joto dogo. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Hakuondoi kemikali za mashambani wala za migodini. Maji yanayopita huko, yaache.

Mvua ya siku tatu: kupekecha kunawezekana kwa aliyekwisha kukuzoea, ila wakati huo ndio wa kiberiti au feroseri. Ugumu halisi ni kuni. Zilizolala chini zote ni maji. Tafuta mti mdogo uliokufa umesimama, unene wa mkono, ukate, uupasue mara nne. Gome limelowa, ndani ni kikavu. Tengeneza vijiti vya manyoya kutoka moyoni mwake na uwashe juu ya jukwaa la vijiti, si juu ya udongo. Feroseri ikwanguliwe kwa mgongo wa kisu: kisu kitulie juu ya kichocheo, yaani manyoya ya kuwashia, uvute kijiti nyuma. Ukisukuma kisu mbele, utakipiga kichocheo ukitawanye.

Onyo ambalo halijatajwa: mti usioujua wenye utomvu mweupe kama maziwa usiutumie kwa kishikio, kijiko wala kijiti cha kuchomea chakula. Mnyaa ni mfano. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kupofusha.

---

Ulindi (#15)

Nimalizie la kuzima, ambalo hufanywa vibaya hata na waliozoea. Kufukia kwa udongo si kuzima. Makaa hukaa hai chini kwa saa nyingi, mizizi mikavu ikashika, moto ukaibuka mita kadhaa mbali. Anza kuuacha moto uishe nusu saa kabla ya kuondoka. Mwaga maji, koroga kwa kijiti mpaka chini, mwaga tena, geuza magogo na mawe. Sogeza mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukihisi joto, rudia. Ukiweza kuzamisha vidole katikati pakawa baridi, umezima.

Mawe ya kuzungushia moto usiyatoe mtoni. Yamenyonya maji, mvuke unajaa ndani, yanapasuka na kurusha vipande.

Mwanagenzi, ukipata kaa mara tano mfululizo kwa tawi lile lile, badilisha mti mmoja tu, ulindi au ubao, kisha weka hapa picha ya unga na ya ncha ya ulindi kwa karibu.